Uzi: Jua ndilo linalotuzeesha uso kabla ya wakati. Tujadili chakula, losheni na mkorogo

#1 Mfamasia wa Kaunta

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mfamasia, na duka ninalofanyia kazi lina rafu ya vipodozi. Watu waliovuka miaka 30, wanawake kwa wanaume, wananijia na ombi moja: "nipatie kitu cha kuzuia uso usizeeke". Mtu ana shilingi 50,000 mkononi na jina la seramu (yale maji mazito ya kupaka usoni) aliyoiona kwenye simu. Nikimuuliza kama anapaka kinga ya jua, ananijibu kuwa hiyo ni ya wazungu, au ya ndugu zetu wenye ualbino. Nimeona nilete uzi kwa sababu imani hiyo inawalia watu pesa, na ngozi inaendelea kuharibika.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga apinge. Sehemu kubwa ya tunachokiita uzee wa uso imeletwa na jua, umri umechangia kidogo tu. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kinga ya jua, ya pili iende sokoni kwenye mboga, matunda na samaki, na seramu inunuliwe kwa itakayobaki. Mkorogo, zile krimu za kuchanganya za kung'arisha ngozi, usipate hata senti tano.

Jaribu hapo hapo ulipo. Nyanyua mkono, tazama ngozi ya upande wa ndani, karibu na kwapa. Halafu tazama mgongo wa kiganja chako. Ngozi zote mbili umezaliwa nazo siku moja. Ya ndani ni laini na ina rangi moja, ya kiganjani ina madoa, imekauka na imeanza kuwa na mistari. Moja imeishi ndani ya nguo, nyingine imeishi juani.

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ambao kwa magari ya kule ndio unaokaa dirishani, umekunjamana na kulegea vibaya, ilhali wa kulia umetulia. Sababu ni kwamba kioo cha dirisha kinazuia miale ya UVB, ile inayounguza, lakini kinaachia sehemu kubwa ya UVA. Hii UVA inazama ndani zaidi na kuvunjavunja kolajeni, zile nyuzi zinazofanya ngozi ikaze. Haikuunguzi, kwa hiyo huna habari kwamba inakufanyia kazi.

Najua atatokea wa kusema "sisi tuna melanini". Ni kweli tunayo, hiyo rangi ya asili inayoikinga ngozi, na ni neema. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi linapitisha kwa wastani asilimia 7.4 ya UVB, wakati ngozi nyeupe inapitisha asilimia 24. Ndiyo maana mikunyanzi inatuchelewa kwa miaka mingi. Lakini vipimo hivyo hivyo vilionyesha UVA ikipita kwenye ngozi nyeusi kwa asilimia 17.5. Na sisi uzee hauanzi na mikunyanzi, unaanza na rangi: mabaka mashavuni, weusi kuzunguka mdomo, madoa ya chunusi yasiyofutika mwaka mzima. Hapo ndipo watu wanakimbilia mkorogo, wanaunguza kile kile kilichokuwa kinawalinda.

Tukumbuke pia tunaishi wapi. Saa sita mchana maeneo ya ikweta, kipimo cha miale ya jua mara nyingi kinafika 11 au zaidi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka kwenye kundi la hatari ya juu kabisa. Na nyie wa Njombe, Mbeya, Limuru, baridi isiwadanganye. Kila ukipanda mita 1,000 miale inaongezeka kwa takribani asilimia 10.

Kama kuna ushahidi mmoja ningependa mtu aondoke nao, ni huu wa mji wa Nambour, Queensland, kule Australia. Watafiti walichukua watu wazima 903 walio chini ya miaka 55. Kundi moja likaambiwa lipake kinga ya jua kila siku, jingine lipake linapojisikia. Ndani ya makundi hayo hayo, wengine wakapewa vidonge vya beta karotini, kile kiini cha njano cha karoti, na wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 4 na nusu, waliopaka kila siku walikuwa na dalili za uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Vidonge havikuonyesha faida yoyote. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Wauza vidonge vya urembo huo utafiti hawautaji kabisa.

Basi chakula hakina kazi? Kinayo, kubwa sana, ila kazi yake ni kuipa ngozi vifaa vya kujijenga.

Mwili hauwezi kuunda kolajeni imara bila vitamini C. Tena hapa tuna bahati ambayo hatuithamini: gramu 100 za mapera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, wakati chungwa lina kama 50. Pera la mtaani linashinda machungwa ya kupanga foleni dukani. Tatizo ni jikoni. Mchicha tunauchemsha mpaka unabadilika rangi, tunamwaga maji, tunabaki na nyuzi. Vitamini C inaharibika kwa moto na inaondoka na maji. Ukate mchicha ukiwa umeshauosha, uweke kwenye sufuria yenye kitunguu na mafuta kidogo, dakika chache uepue ukiwa bado kijani.

Nyanya ni tofauti, zenyewe zinapenda moto. Kile chekundu cha nyanya, likopini, mwili unakipokea vizuri zaidi zikipikwa na mafuta. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2001 uliwalisha watu gramu 40 za nyanya ya kopo na gramu 10 za mafuta ya zeituni kila siku kwa wiki 10. Ngozi yao ilipopigwa miale kwenye maabara, wekundu ulipungua kwa asilimia 40 ukilinganisha na wasiokula. Lile rosti zito la nyanya la mama ntilie lina maana kuliko linavyoonekana. Viazi vitamu vya njano, karoti, maboga na mawese ya Kigoma navyo vina karotini, na navyo vinataka mafuta ili vifyonzwe. Ongeza dagaa, vibua, maharage, karanga, parachichi. Hakuna hata kimoja hapo cha kuagiza ng'ambo.

Upande wa kupunguza ni sukari na sigara. Sukari ikizidi kwenye damu inajishikiza kwenye nyuzi za kolajeni na kuzifanya ngumu, zisinyumbulike. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, na kuna watu wanakunywa mbili kwa siku halafu wananiuliza bei ya seramu. Sigara sina haja ya kueleza, tazama mdomo wa mtu aliyevuta kwa miaka 20.

Sasa vya kupaka. Kwa mtu wa kawaida vinatosha vitatu: sabuni isiyokausha, kitu cha kushikilia unyevu, na kinga ya jua. Gliserini na mafuta ya mgando ni bei rahisi na yanafanya kazi. Paka ngozi ikiwa bado na majimaji baada ya kuoga, usisubiri ikauke. Krimu ya gharama kubwa mara nyingi ina gliserini hiyo hiyo ndani ya chupa nzuri.

Kinga ya jua iwe SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kukinga miale inayounguza), na iwe na alama ya UVA, ama neno UVA ndani ya duara au herufi PA zenye alama za kujumlisha. Kwa uso na shingo kamulia mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka kidogo, SPF 50 yako inakuwa ya chini kabisa. Ukiwa juani rudia kila baada ya saa 2.

Nakaribisha maswali.

#2 Mzee wa Hoja

Mkuu umeandika vizuri lakini bibi yangu kafariki na miaka zaidi ya 80, hajapaka hata siku moja hiyo kinga, na uso wake ulikuwa unang'aa. Alipaka mafuta ya nazi tu.

#3 Mfamasia wa Kaunta

Mzee wa Hoja, Mungu amrehemu bibi. Nikuulize, alikuwa anatoka na nini kichwani? Bibi zetu wengi walikuwa wanajitanda khanga mbili, shamba wanaenda alfajiri, ikifika saa tano wako chini ya mwembe. Soda walikunywa sikukuu. Hiyo yote ni kinga ya jua na ni lishe. Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi vizuri, hilo sipingi, lakini jua hayazuii kwa kiwango cha kutegemea. Sisi tumechukua mafuta ya bibi tukaacha khanga na kivuli chake.

#4 Binti Chumbageni

Mimi wa Tanga. Nimekua naona liwa, manjano, singo kwa maharusi. Je hivi navyo vina nafasi au tuache? Na kuna wanaosema tukamulie ndimu usoni kutoa madoa.

#5 Mfamasia wa Kaunta

Dada wa Chumbageni, liwa na singo endelea navyo, ni urembo wetu na vinasugua ngozi iliyokufa taratibu. Angalizo ni moja: usisugue kwa nguvu kila siku. Ngozi yetu ikikwaruzwa inajibu kwa kutoa weusi. Mara moja kwa wiki inatosha, tena kwa mkono, dodoki liache kwa miguu. Manjano ukiona yanakuwasha, acha.

Ndimu usoni hapana, naomba sana. Maji ya ndimu na limao yana kemikali ambayo ikikutana na jua inaunguza ngozi. Kaja dada mmoja kaunta, amekamua ndimu asubuhi akapaka mashavuni, akatoka kwenda sokoni. Kesho yake ana malengelenge, na yalipopona yakaacha michirizi ya kahawia iliyofuata pale pale maji ya ndimu yalipotiririka hadi shingoni. Ndimu kamulia kwenye mchicha, huko itakusaidia hata kupokea madini ya chuma.

#6 Dereva Tunduma

Hiyo picha ya dereva imenigusa. Mimi nina miaka 19 barabarani, Dar mpaka Tunduma. Mkono wa kulia ni mweusi kuliko wa kushoto, nilidhani ni kawaida ya kazi. Nifanyeje na losheni inayeyuka na jasho?

#7 Mfamasia wa Kaunta

Kaka, kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo upande wako wa hatari ni huo huo. Kwa mkono usihangaike na losheni, vaa shati la mikono mirefu au ile mikono ya kuvaa ya waendesha pikipiki. Kioo cha mbele kwa kawaida ni cha tabaka mbili na kinazuia UVA nyingi, wa kukuumiza ni wa pembeni. Uso na shingo paka kabla ya kuondoka, rudia ukisimama kula, na tafuta iliyoandikwa kuwa inahimili maji. Halafu usiiache kwenye dashibodi. Joto la humo ndani linaiharibu, utakuwa unapaka mafuta tu.

#8 Mwana Moshi

Naomba nichangie, maana tumetajwa. Mimi nina ualbino. Kwetu kinga ya jua si urembo, ni uhai, tumezika ndugu kwa saratani ya ngozi wakiwa vijana. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Ngozi, kilianza mwaka 1992, na ndiko inakotengenezwa KiliSun, kinga ya jua ya SPF 30 iliyobuniwa kwa ajili yetu na kwa hali ya hewa ya hapa.

Ninachotaka kuwaambia wenye melanini ni mpangilio tuliofundishwa kliniki. Kwanza kivuli, na ukiweza usitoke kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Pili nguo na kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, kapelo haifuniki masikio wala shingo. Losheni ni ya tatu, kwa sehemu zilizobaki wazi. Nyie wengi mnataka kuanza na losheni na mnasahau masikio, shingo kwa nyuma na midomo.

#9 Mfamasia wa Kaunta

Mwana Moshi, asante sana ndugu yangu. Mpangilio huo uchukuliwe kama ulivyo. Niongeze kwamba hiyo losheni ya kliniki imetengwa kwa wenye uhitaji mkubwa, sisi wengine tununue za dukani tusiwapunguzie wenzetu.

#10 Mama Pacha

Mfamasia mbona za dukani zinatuacha weupe kama tumepaka unga? Halafu mimi swali langu lingine ni gumu kidogo. Nimetumia krimu ya kuchanganyiwa karibu miaka sita. Uso mweupe lakini vifundo vya vidole vyeusi tii, na mashavuni vimetokea vidoa vya bluu-bluu. Nikiacha siku mbili uso unawaka moto. Nimechoka, nataka kutoka.

#11 Mfamasia wa Kaunta

Mama Pacha, pole, na umefanya jambo kubwa kuandika. Nitaanza na hilo la pili.

Mikorogo mingi ina kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote. Cha kwanza ni hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, kwenye boksi utaona neno refu linaloanza na h-y-d-r-o na kuendelea na q. Ikitumika kwa miaka, kwa baadhi ya watu inaleta weusi wa bluu unaokaa ndani ya ngozi. Daktari mmoja wa Afrika Kusini alieleza hali hiyo mwaka 1975, na nchi hiyo ikaitoa hidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990. Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zimeipiga marufuku kwenye vipodozi, lakini inapenya mipakani. Cha pili ni zebaki, ambayo inaingia mwilini na kuumiza figo. Cha tatu ni steroidi kali kama klobetasoli, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Hii ndiyo inayofanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana, michirizi mapajani, na kidonda kidogo kinachukua muda mrefu kupona. Mtu wa miaka 35 anakuwa na ngozi ya mtu wa 60, na alinunua ili aonekane kijana.

Huo moto unaousikia ukiacha una dalili zote za steroidi. Usikatishe ghafla peke yako. Nenda kwa daktari wa ngozi, hospitali ya rufaa ya mkoa watakuelekeza, na beba hicho kikopo ukiwa nacho, hata kama hakina lebo. Atakupunguzia hatua kwa hatua. Wakati huo usiongeze seramu wala sabuni ya kung'arisha. Mafuta ya mgando, kofia, basi. Vile vidoa vya bluu vinachukua muda mrefu na vingine havitoki vyote, ila ukiacha haviongezeki.

Kuhusu weupe wa losheni: huo unatokana na madini ya zinki na titani. Tafuta yenye rangi ya kahawia ndani yake. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, na kwa sisi ina faida ya ziada, kwa sababu mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao unachochea mabaka kwenye ngozi nyeusi, na losheni zisizo na rangi haziuzuii. Mwenye mabaka mashavuni achague ya rangi hata kama ni ghali kidogo. Hapo naunga mkono kuongeza pesa.

#12 Shamba Darasa

Vipi vidonge vya kolajeni na zile dripu za glutathioni za kung'arisha ngozi? Saluni moja wamenipangia dripu kumi.

#13 Mfamasia wa Kaunta

Dripu usikubali. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Ufilipino, nchi ambako hizo dripu zimeshamiri sana, ilitoa onyo tangu mwaka 2011 dhidi ya kuchoma sindano hizo kwa ajili ya weupe, ikitaja madhara kwenye figo na vipele vikali vinavyobabua ngozi. Na kuchomwa mshipani na mtu wa saluni ni hatari yenyewe, hata kama ndani ya chupa kuna maji matupu.

Vidonge vya kolajeni havina hatari kubwa kwa mtu mwenye afya. Tumbo linaivunja kolajeni kama protini nyingine yoyote. Kuna tafiti zilizoona unyevu wa ngozi ukiongezeka kidogo, nyingi zikiwa zimelipiwa na watengenezaji. Kwa bei ya kopo moja, mimi ningenunua samaki, mayai na mapera ya mwezi mzima.

#14 Binti Chumbageni

Na retinoli? Hiyo ndiyo inasifiwa kila mahali. Nina miezi minne ya ujauzito na mabaka yameanza mashavuni.

#15 Mfamasia wa Kaunta

Hongera dada. Retinoli ni ya familia ya vitamini A, na dawa ya ukoo huo, tretinoini, ndiyo yenye ushahidi wa muda mrefu zaidi wa kupunguza mikunyanzi ya jua. Albert Kligman na wenzake wa Pennsylvania walionyesha hivyo tangu mwaka 1986. Asiye mjamzito anaanza usiku mara 2 kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, juu ya losheni ya unyevu, na asubuhi kinga ya jua ni lazima. Akikimbilia kila siku atababuka, na kubabuka kwetu kunaacha weusi.

Ila wewe kwa sasa usiiguse, wala aina yoyote ya dawa za ukoo wa vitamini A, mpaka ujifungue. Ukiwa unanyonyesha, muulize daktari kwanza. Kipindi hiki tumia kinga ya jua ya madini yenye rangi, kofia, na ukitaka cha kuongezea tafuta losheni ya naiasinamaidi, hiyo ni vitamini B3 na inachukuliwa kuwa salama kwa mjamzito kupaka. Mwonyeshe mkunga wako kila unachopaka ukienda kliniki. Hayo mabaka ya ujauzito mara nyingi yanafifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua, mradi usiyapeleke juani wala kwenye mkorogo.